Ngazi ya Nyuma

Soledad Gallego alikuwa na mkono mtamu wa kupika ibos, wali wa kunata wa tui unaosokotewa ndani ya jani changa la mnazi, na alikuwa mnene. Nayasema yote mawili mapema kwa sababu mtaa wetu uliyasema yote mawili, la kwanza akiwepo, la pili akishapita. Kisha ikaja Jumapili moja, na tangu siku hiyo la pili likaanza kusemwa hata akiwepo.

Mimi nina duka dogo la mtaani: sabuni ya kipande, siki, sigara moja moja, kahawa ya pakiti. Dirisha langu lina nondo na linatazama ua wa Eufemio Palmares, kwa hiyo mengi ninayoyasimulia niliyaona kwa macho yangu. Nisiyoyaona niliyasikia, maana wateja wangu hawajui kununua kimya kimya.

Femio ni dereva wa jipni. Ni lile gari refu la abiria lenye mabenchi mawili yanayotazamana, madirisha hayana vioo, na mlango uko nyuma, tena si mlango, ni uwazi tu na ngazi ya chuma. Likiwa barabarani ni gari. Likiegeshwa nyumbani ni sebule ya mtaa. Kivuli kipo, upepo unapita, siti zina sponji. Nani akae jikoni kwake na moshi? Ndani ya jipni ya Femio watu wamechambua mboga, wamenyonyesha, wamecheza karata, wamechumbiana. Hakuna aliyeomba ruhusa. Kumpigia hodi jirani kwenye jipni yake ni kumwambia kwamba humhesabu kuwa jirani.

Na Soledad alikuwa zaidi ya jirani. Ndiye aliyembeba Jovelyn, binti wa Femio, siku ya ubatizo, na tangu hapo yeye na Femio waliitana Mare na Pare, undugu wa kisimani pa kanisa ambao kwetu si wa kuchezea. Kila Jumapili baada ya misa alikuja na sinia la ibos, akapanda ngazi ya nyuma, akakaa siti ya mlangoni na kugawia watu. Hiyo ndiyo ilikuwa desturi, na hakuna aliyewahi kuiona kuwa ni hatari.

Jumapili hiyo Femio hakwenda misa. Alikuwa chini ya gari lake, pale uani, akishughulika na bolti ya springi ya nyuma. Alikuwa amenyanyua upande mmoja kwa jeki, akatoa tairi, na chini ya fremu akasimamisha tofali la simenti, lile lenye matundu, lililobaki alipojenga choo. Tairi za mbele hakuziwekea kitu. Miguu yake ilitokeza upande wa ukuta, ambako hakuna apitaye. Soledad akaja na sinia lake kiunoni, akazunguka nyuma kama siku zote, akaona siti zote tupu, akajisemea leo nimewahi. Akaweka mguu kwenye ngazi na kujipandisha.

Gari lilisogea kidogo tu, pengine upana wa kiganja. Tofali likapasuka, jeki ikalala. Nilisikia mlio mkavu wa lile tofali, kisha nikamsikia Femio, na sauti ile sitaki kuisikia tena. Wanaume waliokuwa wanatoka kanisani walilinyanyua gari kwa mikono, wakiwa na mashati yao meupe, wakamvuta. Paja lilikuwa limevunjika. Soledad alikuwa amekaa chini kwenye vumbi, ibos zimemwagika mbele yake, na hakuna aliyemwinua kwa muda mrefu kwa sababu kila mtu alikuwa kwa Femio.

Femio alipona, mguu mmoja ukabaki mfupi kuliko mwenzake. Akarudi kuendesha. Lakini chini ya gari hakuingia tena hata kuokota nati. Kila kilicholegea alikipeleka kwa Rodel, fundi mwenye gereji njia ya kwenda Molo, akakaa nje kwenye benchi akitazama upande wa pili.

Mtaa ukapata cha kucheka. Wakasema Soledad amemkalia Pare wake. Wakasema serikali ingemkodi kubomoa daraja la zamani. Mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi, na huu waliubeba kwa raha sana. Yeye hakupanda tena jipni, si ya Femio tu, ya mtu yeyote. Aliapa. Kila asubuhi alijitwika beseni la ibos na kwenda sokoni kwa miguu, jua linamchoma, na madereva wanaomjua wakipunguza mwendo kumwita, anatikisa kichwa na kuendelea. Visigino vyake vilipasuka. Nilimuuzia mafuta ya nazi ya kupaka, nikamwambia anajiadhibu kijinga. Akasema, "Nelda, wewe uza."

Kibaya zaidi kilikuwa kimya cha Femio. Laiti angemgombeza! Lakini wakikutana ilikuwa "Mare," "Pare," kisha macho chini, kila mtu njia yake. Kimya kingi kina mshindo mkuu, na Soledad aliusikia mshindo huo kila siku: aliamini Pare wake anamlaumu na ana adabu tu ya kutolisema. Alichokitaka duniani kilikuwa neno moja kutoka kwa Femio, liwe zuri au baya. Mimi nilimwona akilisubiri, nikamhurumia, na papo hapo nikawa na hasira na Femio.

Basi mwanamke asiyepewa neno hutafuta kazi. Soledad alimbebea Rodel ibos gerejini, akamwomba amweleze siku ile gari lilifanyaje. Rodel alikuwa na mdomo umejaa.

"Manang, jeki ni ya kunyanyua. Kushikilia si kazi yake," alimwambia, maana kwetu dada mkubwa huitwa Manang na kaka mkubwa Manong. "Na tofali la matundu linabeba ukuta, halibebi gari, likishika pabaya linapasuka bila kuaga. Gari lile lingeangushwa hata na paka."

Soledad aliponihadithia alikunja mdomo. Alisema Rodel ametaja paka kwa sababu ameshiba ibos zake. Mtu akila chakula chako, alisema, hawezi kukuambia ukweli kuhusu uzito wako.

Hata hivyo yale ya jeki aliyashika. Akavunja kibubu chake, akanunua jozi mbili za stendi za chuma, zile za miguu minne zenye pini ya kupandishia, na akachongesha kabari za mti mgumu za kuzuia tairi. Yeye hana hata baiskeli. Watu walipomuuliza za nini, alisema za mtaa.

Kwetu kuna sanamu ya Bikira inayozunguka nyumba hadi nyumba. Inakaa kwako wiki, mnasali rozari, kisha inakwenda kwa jirani. Stendi za Soledad zikaanza kuzunguka namna hiyo hiyo. Aliyetaka kushughulika na gari lake alizifuata kwake, na yeye mwenyewe alizifuata nyuma. Hapo ndipo raha ilipoanza. Alisimama juu ya vichwa vya wanaume kama mama mkwe. Fungua nati kabla hujanyanyua, si gari likiwa hewani unalivutavuta. Shusha gari likae juu ya stendi, usiliache juu ya jeki. Tairi uliyoitoa isukume chini ya fremu, likianguka liikute hiyo kwanza kabla halijakukuta wewe. Jirani mmoja mwenye teksi alibisha, akasema baba yake alitumia matofali maisha yake yote. Soledad akaliomba tofali, akaliweka chini, akaligonga pembeni na mchi wake wa kutwangia. Lilipasuka vipande. Akasema pole kwa baba yako, akaenda zake na mchi begani.

Tena kila alipopita karibu na gari lililoegeshwa alikuwa anainama na kuchungulia chini. Gari lolote. Gari la padre. Gari la maiti mbele ya kanisa, watu wakamtazama vibaya, na yeye akainama tu. Wakamcheka, lakini nikaona baadaye hata watoto wakiinama kabla ya kupanda jipni, na mama zao hawawakatazi.

Kwa hiyo stendi ziliingia kila ua wenye gari mtaani kwetu, isipokuwa mmoja. Kwa Femio hazikuingia. Soledad hakuzipeleka kwa sababu hakuitwa, na Femio hakuita. Alipozipitisha mbele ya geti lile alikuwa anaharakisha.

Kisha Rodel akapata mkataba wa kazi Uarabuni, huko Katari, akafunga gereji, akaondoka kama wanavyoondoka mafundi wetu wote wazuri. Haukupita muda mrefu springi ya jipni ya Femio ikakatika. Gari likakaa uani, limeinamia upande mmoja kama mtu anayesikiliza ukutani. Bising, mke wa Femio, akaja dukani kwangu macho mekundu. Alisema liuzwe. Yupo mtu wa Oton yuko tayari kulichukua, atakuja kesho yake kuliangalia. Nikamwuliza Femio ataendesha nini, maana tangu ujana hajui kazi nyingine. Bising akasema heri mume asiye na kazi kuliko mume chini ya chuma.

Mchana huo huo Femio mwenyewe akaja dirishani. Akanunua sabuni. Akasimama. Akanunua sabuni nyingine.

"Nelda," alisema, "mwambie Mare naomba zile stendi."

"Mimi nauza sabuni, Manong, si tarishi. Nenda mwenyewe. Miguu unayo."

"Mmoja na nusu."

"Basi anza na ule mzima."

Alinitazama kwa hasira, kisha akacheka kidogo, kicheko ambacho sikuwa nimekisikia tangu siku ile. Akavuka njia. Nilishikilia nondo za dirisha nikimtazama mpaka getini kwa Soledad. Sikusikia walichosema, lakini Soledad aliniambia baadaye: Femio aliuliza stendi zipo, Mare, na yeye akajibu zipo, Pare, na wote wawili wakawa wanatazama kuku.

Kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi. Rodel alikuwa ameondoka, lakini Femio alijua kufunga springi tangu kabla Rodel hajazaliwa. Kilichokuwa kimemtoka ni moyo.

Soledad alibeba stendi mwenyewe, mbili kila mkono, kabari ziko kwenye khanga kiunoni. Alipoukanyaga ua wa Femio akasimama, akauchimba udongo kwa kidole cha mguu. Ulikuwa umelainika kwa mvua. Alisema si hapo, udongo umelewa, utameza stendi. Basi jipni ikasukumwa mpaka uwanja wa mpira wa kikapu wa mtaa, palipo na simenti ngumu na tambarare. Nusu ya uwanja ilikuwa imeanikwa mpunga. Vijana waliokuwa wanacheza kwenye nusu nyingine wakatolewa, wakakaa pembeni kununa. Mtaa wote ulikuwa pale. Na mimi nilifunga duka, jambo ninalolifanya kwa mazishi tu.

Soledad hakusogea karibu. Alisimama kwenye mstari wa kutupia mpira, akatoa amri zake kutoka hapo. Femio aliweka gia, akavuta breki ya mkono, akaichukua jeki.

"Pare," Soledad alisema, "breki ya mkono inashika tairi zipi?"

"Za nyuma."

"Na unanyanyua zipi?"

Femio akaitazama jeki mkononi mwake. Watu wakaanza kucheka. Alirudi, akachukua kabari, akazigongomea tairi za mbele, mbele na nyuma, moja moja, kwa nyundo. Niliona uso wake alipokuwa akigonga. Haukuwa uso wa mtu anayechekwa. Ulikuwa wa mtu anayekumbuka.

Akalegeza nati. Akanyanyua polepole, akaweka stendi chini ya fremu pande zote mbili, pini zikiwa kwenye matundu ya kimo kimoja, akalishusha gari mpaka likakaa. Akatoa tairi, akazisukuma chini. Kisha akaliegemea kwa bega na kulisukuma, huku na huku, kwa nguvu zake zote. Halikujibu.

Ilibaki kuingia. Femio alipiga goti la ule mguu mzima, akainama, akatazama kule chini kwenye giza na mafuta, akabaki hapo. Mkono wenye spana ulikuwa unatetemeka. Aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka, na huyu hakuona ung'ongo, alimwona nyoka mwenyewe. Hakuna aliyecheka. Bising alikuwa na rozari mkononi, akamwambia kwa sauti ndogo aache tu, yule mtu wa Oton anakuja kesho.

Femio akasimama. Nilidhani ndiyo basi.

"Mare," aliita, "njoo upande."

Soledad aliangalia nyuma yake, kana kwamba kuna Mare mwingine.

"Nimeapa, Pare."

"Najua. Panda."

"Usinifanyie hivyo mbele za watu."

"Siko chini. Nipo hapa, unaniona nilivyo mzima. Hakuna mtu chini. Inama uangalie, si ndiyo kazi yako siku hizi?"

Soledad hakuinama. Alikuwa ameanza kulia, mikono imelegea pembeni, na mimi nilitaka kumpiga Femio kwa sabuni zake zote mbili.

"Likianguka?" aliuliza.

"Likianguka, ni mimi nimeliweka vibaya," alisema Femio. Akapangusa uso kwa mkono wa shati. "Kama siku ile. Siku ile hukuwa wewe, Mare. Lilikuwa tofali langu. Nilijua nikiwa nimelala pale pale chini. Nikaona aibu kusema, na watu walikuwa wameshapata wa kumlaumu, nikawaacha. Nisamehe. Sasa njoo upande, wote waone."

Vijana waliokuwa wamenuna pembeni wakasimama waone.

Soledad akaja. Alitembea kama anayekwenda kupokea komunyo. Akashika vishikio, akaweka mguu kwenye ngazi ya nyuma, akaurudisha, akauweka tena, akajipandisha. Gari lilikaa vile vile. Akaingia ndani, akatembea mpaka nyuma ya kiti cha dereva, akarudi, akajishikiza kwenye siti ya mlangoni bila kukaa hasa, kama mgeni.

"Kaa kwa nguvu, Mare," alisema Femio. "Usinionee huruma."

Akakaa kwa nguvu.

Stendi hazikulia, fremu haikuhama hata unywele. Soledad aliangalia sakafu, akaangalia pembeni, akamwangalia Femio.

"Halisogei," alisema. "Pare, halisogei."

"Halisogei," alisema Femio.

Alilia pale ndani, safari hii kwa sauti, na Bising akalia nje, na mimi nikasema ni vumbi la mpunga. Ninamshukuru Mungu nilifunga duka. Wale waliotaja daraja la zamani walikuwa wanatazama viatu vyao, na hilo nalo lilinipendeza.

Femio akasubiri, akajikohoza, akamwomba Mare ashuke ili afanye kazi, maana jua halimsubiri mtu. Soledad akashuka. Akajisimamisha mbele ya ngazi ya nyuma, mikono ameitandaza, akautazama mtaa mzima kama anayesema athubutu mmoja. Femio akalala chali, akateleza chini. Ule mguu mfupi ndio uliobaki nje kwa muda, kisha nao ukaingia.

Alimaliza kabla ya jioni. Muda wote huo Soledad hakuondoka pale ngazini. Hakuna mtu aliyesogea, lakini kuku mmoja aliyefuata mpunga alirukia ngazi, naye Soledad akamtimua kwa ndala, akimfokea kwamba hata paka hatakiwi hapa. Femio alipotoka, mweusi kwa grisi, alitaka kunawa, Bising akamkatalia mpaka mikono ipoe, maana maji juu ya mikono yenye joto la kazi huleta ugonjwa wa kutetemeka. Femio akaitazama mikono yake. Akasema haitetemeki.

Mtu wa Oton alikuja kesho yake asubuhi na mapema, akakuta jipni imekwishatoka. Nilimwuzia kahawa ili safari yake isiwe bure.

Maana jipni ilikuwa imesimama mbele ya geti la Soledad. Femio hakumwita. Alipiga honi mara moja, akatazama mbele. Soledad akatoka na beseni lake kichwani, tayari kwa mwendo wa miguu, akaliona gari, akasimama kwenye vumbi. Abiria waliokuwemo wakasogeana, wakaacha siti ya mlangoni.

Akazunguka nyuma. Akatua beseni chini. Akashika goti, akainama kwa shida yake yote, akachungulia chini ya gari, upande huu na upande ule. Kisha akapanda.